Ng'oa Vile Viazi, Kaka

Kwa kaka yangu Bahati,

Bwana asifiwe kwenu huko juu mlimani. Mama anaendelea namna gani na lile goti? Shemeji amepona kifua? Minye mwenyewe mwili uko mzima, ila moyo hautulii. Nimekaa kuandika mara tatu, mara tatu nimesimama.

Rezo ya simu yenu haipatikani tangu juma lililopita, ndiyo sababu natumia karatasi. Itapita kwa mama mdogo pale Rugenge, naye ataipa mtu wa kwanza anayepanda kuja kwenu.

Kaka, vile viazi nilivyokuletea nilipokuja konje, mapumziko ya kazi, nimevifunga ndani ya kitenge, nilikwambia ni vya kazini. Sikukwambia kwamba nilivitoa bila ruhusa. Nilikuwa nimeona mildiu, ule ugonjwa wa viazi, ilivyoliunguza shamba lako, majani meusi yanalala chini, mama anageuza uso asione. Na minye huku Kenya kazi yangu ni hiyo hiyo: kupaka chavua ya ua hili kwenye ua lile, kutafuta kiazi ambacho mildiu haikiwezi. Tulikuwa tumekipata. Majaribio yalikuwa hayajaisha, nikashindwa kungoja.

Mildiu haikiwezi kweli. Lakini vingine vya kasha lile lile nilimotoa vyako tulivipanda shamba la chini, kwenye joto, vikaanza kunyauka majani yakiwa bado mabichi. Nikakata shina moja, nikalichovya ndani ya glasi ya maji. Ukashuka uzi mweupe kama maziwa. Ni mnyauko, kaka. Hauna dawa, na ukiingia udongoni unakaa miaka.

Nikaenda kwa shefu wetu wa kazi, mama asiyepandisha sauti, nikamwambia yote.

"Viko wapi sasa?"

"Kwa kaka yangu, Kongo."

Alinisogezea karatasi. "Basi kaa umwandikie leo. Mambo yako tutayaona baadaye."

Wamenitoa kwenye nyumba ya miche. Sasa naosha makasha. Sijui kama wataniacha kazini.

Najua utabisha. Mara ya mwisho kwenye simu ulicheka: "Weye Furaha, shamba iko inacheka! Hata majirani nimewapa mbegu." Kaka, baridi ya huko inauficha ugonjwa. Unakaa ndani ya kiazi kizuri, hata ukikipasua huuoni.

Ng'oa vyote na udongo wa mashina yake, vifukie ndani ya shimo refu, mbali na mto. Jembe usilioshe mtoni. Hapo panda mahindi, usirudishe viazi. Kisha zunguka nyumba zote ulizogawia mbegu, nao wang'oe. Usinifunike. Sema dada yako alileta kitu ambacho hakijamaliza kuchunguzwa, na alijua.

Nisalimie mama, shemeji, na pasta wetu aliyeniombea safari. Nisalimie pia yule mjane wa ng'ambo ya kijito, kama naye alipata mbegu. Uanzie kwake, tafadhali. Yeye hana shamba la pili.

Ni minye mdogo wako,
Furaha