Njoo Unitoe Nje

Kamembe, Julai 2004

Dada yangu mpenzi Kamikazi,

Tumefika! Tumetoka Kigali kwa pikipiki ya Cyusa, mume wangu. Acha niandike tena: mume wangu! Barabara ile ile uliyonivuta mkono tukikimbia mwaka wa tisini na nne, nimeipita nikicheka. Kwenye msitu wa Nyungwe mvua ilitupiga, nikamkumbatia mpaka akalia, "Chérie, utanivunja mbavu kabla sijakuzoea!" Tulipoliona ziwa nilipiga vigelegele peke yangu.

Mama mkwe alishika kichwa: "Bibi harusi gani huyu, matope mpaka masikio!" Akaniingiza ndani, na kwa desturi sitakanyaga uani mpaka watu wa kwetu waje kunitoa.

Watu wa kwetu ni wewe tu, Dada. Tangu vita vya huko kwenu Bukavu mwezi jana sijasikia neno lako. Mama mkwe anasema majirani watanitoa.

"Hapana, Maman," nikamwambia. "Niko na dada."

Barua hii ataivusha mpaka wa Kongo mama mmoja muuza ndizi. Nina furaha ya kujaza mtaa mzima, lakini nitakaa nayo humu ndani mpaka wewe ubishe hodi.

Mdogo wako,
Umuhire