Mkwe Wangu Amebeba Kosa la Bamba Langu

Mama Goreth mheshimiwa,

Nimesoma safu yako kwa miaka sita na mara nyingi nimewacheka wanaokuandikia, nikijiuliza mtu mzima anashindwaje kuona jibu lililo mbele ya pua yake, na leo zamu ni yangu, kwa hiyo nakuomba unicheke kwa kiasi. Majina ya watu nimeyabadilisha. Mambo yenyewe nimeyaacha yalivyo.

Mimi ni Mrundi, nilivuka mpaka mwaka 1972 nikiwa na miaka kumi na mmoja, na tangu hapo sijaishi mahali ninapoweza kupaita kwangu bila mtu kuniomba karatasi. Kuchomelea vyuma nilijifunza Tanzania, katika kambi ya Mtabila, ambako nilitengeneza mashine za kusaga unga, vitanda vya zahanati na madirisha ya makanisa matatu, na watu wote waliniita Fundi, hata watoto ambao hawakujua kama nina jina jingine. Hapa Buffalo, Marekani, nilifagia kiwanda kwa miaka kumi na mitano kwa sababu sikuwa na cheti, na vijana wa rika la wajukuu zangu waliniita kwa nusu ya jina langu la ubatizo, kana kwamba lote lingewachosha.

Binti yangu Fides na mumewe Samsoni wanaishi Columbus. Samsoni anafanya kazi ghalani, na Jumamosi yeye na wenzake wa kwaya huenda kwenye shamba la Mmarekani mmoja kulenga shabaha kwa bastola. Mchezo huo sikuupenda, mimi milio ya risasi niliisikia mapema mno, lakini aliponiambia kuwa shabaha za chuma dukani ni ghali na akauliza kama naweza kuwatengenezea, moyo uliniruka kama wa mtoto, nikaanza kuzunguka mitaa ya Kenmore siku ambazo watu hutoa taka nje nikiokota fremu za vitanda, maana chuma chake cha pembe kinafaa sana kwa miguu ya stendi, na karakana moja inayotengeneza magari ya kusukuma theluji ikaniuzia kwa bei ya kutupa mabaki manne ya bamba gumu, ya mraba, unene wa kidole.

Pasaka Samsoni alikuja kunisaidia katika gereji yangu hapa Kensington-Bailey.

"Baba, samahani," akasema, akininyooshea simu. "Hapa wanasema bamba gumu lisiguswe na moto. Litobolewe kwa keekee, lifungwe kwa bolti na mnyororo, basi."

"Wanasema akina nani?"

"Wanaoyatengeneza, Baba."

"Waambie nilikuwa nachomelea kabla hawajaota meno. Bolti ni za mtu asiyejua kushika moto."

Akacheka kidogo, akairudisha simu mfukoni. Kwetu mkwe hamsahihishi baba mkwe. Anaweza kusema mara moja, tena kwa samahani, na mara ya pili ni matusi. Nikachomelea ndoano nyuma ya kila bamba, mshono ulionyooka ambao mwalimu wangu wa Mtabila angeupitishia kidole asikute kasoro. Mawili akayachukua Samsoni, mawili nikampelekea Yoeli, mtoto wa marehemu dada yangu, aliyeko Louisville, ambaye naye hulenga shabaha Jumamosi na wenzake.

Wiki iliyofuata ikaja video kutoka Columbus. Risasi inapiga, bamba linalia kama kengele, na Protasi, rafiki wa Samsoni anayeimba besi, anapiga kelele: "Fundi! Sikia kazi yako!" Nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Agosti Protasi alikuwa amesimama nyuma ya mpigaji, hatua thelathini kutoka kwenye bamba, kama inavyotakiwa, akavua miwani ya kinga afute jasho. Kipande cha risasi kilirudi kikamwingia jicho la kushoto. Jicho limekufa. Alikuwa dereva wa foklifti, gari la kunyanyulia mizigo ghalani; sasa anabandika lebo kwenye maboksi.

Nilikwenda Columbus kumwona hospitalini, na tulipotoka huko Samsoni akanipeleka kwenye gereji yake. Sehemu kubwa ya bamba ilikuwa imechubuka rangi tu. Lakini pale ambapo nyuma yake ulipita mshono wangu, chuma kilikuwa kimelainika na kuchimbika, shimo la ukubwa wa haragwe, kingo zake kali. Risasi ikiingia kwenye shimo kama hilo haitawanyiki pembeni, inakurudia. Tulikuwa wawili tu tukilitazama, Samsoni akasema:

"Baba, twende ndani. Chakula kinapoa."

Tangu siku hiyo anawaambia watu kwamba alinunua risasi zisizofaa. Kanisa limemwondoa kwenye uongozi wa kwaya, mama yake Protasi haitikii salamu yake, na Fides ananipigia simu akilia: "Baba, nimeolewa na mtoto, anachezea macho ya watu!" Nami nilimjibu, "Mvumilie, mwanangu." Aliyebaki kuniita Fundi ni Yoeli, ambaye kila Jumatatu ananitumia video mpya.

Jicho halitarudi nikisema, na Samsoni amechagua mwenyewe kunyamaza. Je, nina sababu gani ya kulivunja jina pekee nililovuka nalo bahari? Nishauri, na usinionee haya.

Fundi, Buffalo


Mzee wangu,

Barua yako ilinifikia Alhamisi na sikungoja gazeti litoke. Nilikupigia kwa namba uliyoiandika nyuma ya bahasha, nikakuambia Yoeli ayashushe yale mabamba mawili. Ukanijibu kuwa utampigia Jumapili baada ya ibada. Nikakukumbusha kwamba Jumamosi inatangulia Jumapili. Ukampigia, nashukuru. Lakini wasomaji waone: umeniandikia kurasa nne juu ya jina lako, na watu wa Louisville waliosimama mbele ya mshono uleule ukawapa mstari mmoja, mwishoni.

Nimemuuliza fundi ninayemwamini. Bamba gumu lililochomelewa halirudishiwi ugumu wake katika gereji. Likatwe, liende kwenye vyuma chakavu. Stendi zako za fremu za vitanda hazina kosa. Anayetaka shabaha nyingine atafute bamba jipya, alifunge kwa bolti na mnyororo, liiname kidogo mbele ili vipande vidondoke chini, na yeyote aliyepo, hata mpiga picha, asivue miwani mpaka silaha ya mwisho iwe tupu.

Sasa wewe. Sikucheki. Najua mtu anaweza kukaa nchi ya watu miaka na miaka akisubiri aitwe kwa cheo chake mara moja tu. Lakini Protasi alipokuita Fundi alikuwa na macho mawili.

Unasema Samsoni amechagua. Amechagua nini? Alisema mara moja, kwa samahani, ukamziba mdomo kwa ukwe, na sasa ukimya uliomfundisha unauita uamuzi wake. Na ile "mvumilie" uliyomwambia binti yako, nina neno la kuiita ila haliandikiki gazetini. Kijana wa watu alikunyamazia kwa heshima. Mimi sitakuheshimu kiasi hicho.

Jumamosi hii panda basi uende Columbus. Anza na Fides, peke yake, umwambie alichokuambia mumewe Pasaka na ulichomjibu wewe, neno kwa neno. Kisha ninyi wawili pamoja na Samsoni nendeni kwa Protasi, mama yake akiwepo, na mchungaji, maana adhabu ya kwaya imempata asiyestahili. Protasi akitaka wakili, ni haki yake. Nawe pata ushauri wa sheria ukitaka, kuna ofisi zinazosaidia bure, ila usiufanye sababu ya kuahirisha safari. Msamaha usiutazamie. Huenda mama yake akakufukuza hata kabla hujaketi. Sema ukiwa umesimama mlangoni.

Jambo moja ujiandae nalo. Utakapofika kwenye mshono, Samsoni atainuka akukatize. Atasema, "Baba, yaishe." Atafanya hivyo ili akufiche, kama alivyozoea. Mwambie akae chini, kisha uendelee mpaka mwisho.

Mama Goreth