Amina Niliyoiandika Mimi

Baba Salome,

Barua hii nitaisoma Jumapili mbele ya ushirika wote, wale wale waliokuita Bwana Amina mpaka ukaingia kaburini na jina hilo. Usinikataze. Ulipokuwa hai ulinikataza mara moja, nikakutii, na tazama yaliyotupata.

Nianze na Bwana Clive, maana ushirikani hakuna anayemjua. Hata kwao Australia sidhani kama wanamjua. Alitunga muziki wa filamu, zile filamu zinazoonyeshwa wiki moja halafu zinapotea, na jina lake lilipita upesi kwenye skrini baada ya la mshona nguo. Uliponipeleka kwake, mtaa wa Moseley huku ughaibuni, nilitarajia kuona mtu mkubwa. Tukafunguliwa mlango na mwanamume mwembamba mwenye sweta iliyotoboka kiwiko, na saa ya kupimia sekunde shingoni kama mwalimu wa riadha. Akatupigia kwenye piano muziki aliotunga kwa filamu moja ya ukame. Noti tatu, akanyamaza. Akatazama saa. Noti mbili, akanyamaza tena. Mimi nilikuwa bado nangoja aanze. Wewe, uliyepiga klarineti miaka kumi katika bendi ya polisi Nairobi, ulikuwa umefumba macho.

Ndani ya basi ukanieleza kwamba amekulia kwenye shamba la kondoo ambako jirani yuko mwendo wa siku nzima, na kwamba ule ukimya ndio muziki wenyewe, noti ni ua tu wa kuuzungushia. Nikakwambia basi na mimi ni mtunzi, kwa sababu kunyamaza naweza. Ulicheka mpaka kondakta akageuka.

Kazi yako kwake ilikuwa kunakili. Yeye aliandika muziki wote kwenye karatasi moja kubwa, nawe ukamtolea kila mpigaji sehemu yake kwa mwandiko ule ulionyooka. Jumatatu hadi Ijumaa ulikuwa kiwandani Hockley kwenye mashine ya kugonga beji, Jumamosi unashika kalamu. Ndipo akakuahidi kwamba muziki wa filamu iliyokuwa mkononi ukirekodiwa salama, atakupa kazi ya kudumu, yeye na watunzi wenzake wawili, nawe uiage mashine. Tangu siku hiyo uliondoka asubuhi ukipiga mluzi.

Wiki ya mwisho mashine ikakubana vidole viwili vya mkono wa kulia. Nilikufunga bendeji mimi mwenyewe, na unesi wangu wote ukaniambia kwamba kalamu hutashika. Nikasema tumwambie Bwana Clive. Ukakataa katakata, eti akisikia atamtafuta mwingine. Ilikuwa imebaki sehemu moja tu, ya viola, ile fidla ya sauti ya kati. Jumamosi mchana ukaniketisha mezani, ukanifundisha ile mistari mitano, mimi niliyezoea do re mi za kwaya ya kule Taita. Nikanakili ulimi nje, Salome akiniuliza kwa Kiingereza chake tutakula saa ngapi.

Nilipofika mwisho nikauimba polepole ule wimbo. Ulikuwa umeachwa unaning'inia. Sasa, Baba Salome, unajua nilikotoka. Mwalimu wetu wa kwaya hakuandika Amina ubaoni hata siku moja. Kila aliyenakili alijua kuiongeza mwenyewe, na aliyeisahau alichapwa rula. Nikaongeza. La, kisha so, ndefu, kama tulivyofunga kila wimbo tangu nikiwa mdogo. Nilidhani hata nimemsaidia mzungu wa watu. Wewe ulikuwa umelazwa na dawa za maumivu, na ulipoamka hukukagua. Ulisema unaniamini.

Jumatatu asubuhi tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa uliokodishwa kwa kurekodi mpaka saa sita tu. Wapigaji ishirini, na shuka jeupe ukutani la kuonyeshea filamu. Mimi nilikaa nyuma, kwa kuwa nilikuwa nimekubebea makaratasi. Kwenye shuka mama mmoja amesimama langoni, anamngoja mwanawe, na mwana haji. Bwana Clive akashusha mkono, ukumbi mzima ukanyamaza, ukimya wake ukaanza. Viola zikaingia peke yazo. La. So.

Mtu mmoja akacheka. Bwana Clive aliichukua ile karatasi, akaitazama muda mrefu.

"Nani aliyeandika hii?"

Nilifungua mdomo, Mungu ni shahidi. Ukanigeukia, ukanitazama jicho moja tu, lile la kumnyamazisha mtoto kanisani.

"Ni mimi," ukasema, na mkono wako umefungwa bendeji mbele ya kila mtu.

Aliutazama ule mkono. Akautazama ukumbi wote mpaka kwenye kiti changu. Akauliza tena, polepole, "Nani?" Nawe ukarudia kwamba ni wewe. Nilikaa pale nimeshikilia mkoba wangu kama mwizi. Akazikata zile noti kwa penseli nyekundu, wakapiga upya, saa sita haijafika wamemaliza. Mlangoni alikushukuru. Hakukuita tena.

Kwenye basi nilianza kulia nikisema nirudi nikamwambie ukweli. Ukasema, "Yamekwisha, Mama Salome." Nikakubali haraka mno. Hilo ndilo linaloniuma, ile haraka.

Filamu ilipofika mjini tukaenda kuitazama, tukiwa watu tisa ukumbi mzima. Mama alipobaki langoni nilikaza meno nikingoja viola. Ukimya, ukimya, halafu taa zikawashwa. Ni muziki mzuri, sasa naweza kukubali. Ulinishika mkono kwa vile vidole viwili vilivyopinda, ukasema alikuwa sahihi.

Halafu ukaenda kuwasimulia ushirika, ukajifanya wewe ndiye mjinga wa hadithi. Wakakupa jina. Kila sala ikiisha wanakugeukia, "Bwana Amina, tufungie." Unacheka, nami nacheka. Nilicheka miaka sita, Baba Salome, huku ukirudi kila Jumatatu kwenye mashine ile ile, na mbele yake ndipo moyo wako uliposimama.

Wiki mbili baada ya mazishi Bwana Clive alibisha hodi. Amezeeka, hana filamu siku hizi, anafundisha watoto piano. Alileta bahasha yenye ile karatasi ya viola. Nikaona hapo hapo ndipo mahali pa kutubu, nikamwambia kwamba niliyeandika ni mimi. Hakushtuka hata kidogo.

"Nilijua si mwandiko wake," akasema. "Nilikuwa nangoja mwenyewe ainue mkono."

Akasema kosa lilikuwa dogo, la penseli tu. Kilichomshinda ni kufanya kazi na mtu aliyemdanganya machoni. Nikamwambia hukumdanganya kwa ubaya, ulikuwa unanikinga mimi. Akakaa kimya muda wake ule, nusura nimtafutie saa. Halafu akasema kama ningeinuka siku ile angecheka, na angekupa ile kazi kesho yake.

Alipoondoka nililia mpaka jirani akaja. Nilikukasirikia wewe pia, nisikufiche. Ungeniacha niseme. Mimi nami ningekukaidi, nilikukaidi mangapi kwa miaka yote ile, likanishinda lile moja.

Basi Jumapili, sala itakapokwisha na watu kugeukia kiti chako, nitasimama na karatasi hii. Tega masikio, mtu wangu, usikilize jambo moja tu kutoka kwangu.

Nimeinua mkono. Niliyeandika ni mimi.

Mkeo,
Mama Salome