Nione, kwa Wino Mwekundu

Jumatatu, 14 Agosti
Barua ya Idara ya Elimu imefika. Darasa la tano na la sita yafungwe mwisho wa mwaka, watoto wakasome mjini — kilomita tisini na nne! "Wanafunzi wataathirika kidogo," wanasema. Kidogo!

Tegan yuko la tano na ndio kwanza ameanza kusoma bila kufuata mstari kwa kidole. Mwaka mzima tumepigana na herufi, mimi na yeye. Basi la mjini litampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, kule shambani kwao, limpeleke kwa mwalimu asiyemjua. Atanyamaza tena, namjua. Nimekasirika!

Jumatano, 16 Agosti
Merv, mwalimu mkuu wetu, ameandika majibu. Kurasa mbili za "kwa heshima na taadhima". Nikamwambia, Merv, hii ni barua ya kutetea watoto au barua ya posa? Akasema, Noelene, ukiandika wewe tutafukuzwa sote. Huenda ni kweli.

Alipokuwa anachapa, nikaisahihisha barua ya Idara kwa kalamu nyekundu. Ugonjwa wangu wa miaka thelathini na moja — hata menyu ya baa niliisahihisha, na mwenye baa amenuna tangu Krismasi. Tahajia, makosa manne. Kwenye "kidogo" nikaandika: Kiasi gani? Onyesha njia. Chini kabisa: 3/10. Rudia. Nione!

Roho ikatulia. Nikala na keki ya Merv.

Alhamisi, 17 Agosti
Mungu wangu! Merv na mashine yake mpya ya kuskani! Amezoa karatasi zote zilizokuwa mezani, akaskani, akatuma. Bila miwani, maana miwani inamzeesha. Barua yake ya posa, na nyuma yake ile ya Idara niliyoisahihisha. Tatu kwa kumi, moja kwa moja kwa Mkurugenzi Pascoe wa Idara.

Nikamwuliza, umeangalia ulichotuma? Eti kurasa nne, zimetoka safi sana, hata rangi.

Hata rangi!

Ijumaa, 18 Agosti
Hakuna barua wala simu. Sijala.

Jumatatu, 21 Agosti
Katibu wa Mkurugenzi amepiga simu. Bwana mkubwa anakuja kesho. Kufanya nini, hakusema. Merv ameshavaa tai leo, eti aizoee.

Mama yake Tegan kapita. Mwalimu, anasema, wakikufukuza njoo kwetu, tunatafuta mtu wa kunyoa kondoo. Nikamwambia kondoo wenyewe watagoma. Tukacheka sana. Halafu nikajifungia chooni nikalia kidogo. Kiasi gani? Sionyeshi njia.

Jumanne, 22 Agosti
Amekuja. Naandika nimesimama jikoni, nasubiri birika lichemke.

Mkurugenzi Pascoe ni mrefu kama nguzo ya simu. Karatasi mkononi, wino wangu mwekundu unaonekana tangu getini. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi, nimekesha naikariri. Akasema, Mwalimu, uliandika nikuone. Nikasema, ndiyo, karibu ukae. Radhi ikapotelea njiani! Viti vya darasani ni vile vile vya watoto; magoti yamemfika kidevuni. Merv kwenye kona, anashika tai yake.

Akaanza kunieleza maana ya hiyo "kidogo". Nikamwambia usinieleze mimi, kuna mtu hapa inamhusu. Nikampa Tegan barua ya Idara aisome kwa sauti, nikaja kupika chai.

Mlango uko wazi, nawaona. Anasoma polepole. Kidole kiko mfukoni! "Miundombinu" kaivunja vipande, kaviunganisha tena mwenyewe. Nataka kupiga makofi. Sasa amefika kwenye mstari wenyewe, ule wa "kidogo". Ameishia hapo. Anamtazama Mkurugenzi.

"Hiyo kidogo," anamwuliza, "ndiyo mimi?"

Birika limeanza kupiga mluzi — nimelizima, nisikie Mkurugenzi atamjibu nini.