Moto wa Boma Jipya

Ngorongoro,
Jumatatu.

Kwako dada yangu mpendwa Aneth,

Pokea salamu zangu tele, wewe na shemeji na wanangu wote hapo Mbulumbulu. Homa ya Noel imekwisha? Na maharage mmeshavuna? Mimi huku mwili ni mzima, baridi tu ndiyo inatutesa, lakini moyo, dada, moyo haujatulia hata kidogo. Nakaa, nasimama, nachungulia nje, narudi kuandika.

Unajua tumejenga boma letu. Kwa ukoo huu wa mume wangu, boma jipya haliwashwi kwa kiberiti wala kwa kaa la kuomba kwa jirani. Mwenye boma anapekecha moto kwa kuzungusha kijiti kati ya viganja juu ya kibao, mbele ya wazee, na moto usipowaka ng'ombe hawaingii. Sasa mume wangu Jackson, mtoto wa bweni tangu darasa la kwanza, kisha kazi ya hotelini Karatu, akakiri kwangu kwamba hajawahi kupekecha moto maisha yake. Kumwuliza baba yake akaona aibu. Alihofia watasema si mwenzao tena, na lawama iniangukie mimi mke wa kabila jingine, Mwiraqw niliyeuteka moyo wake.

Mimi naweza, unakumbuka kaka Hhando alivyotufundisha tukichunga mbuzi. Basi nikamfundisha kwa siri nyuma ya zizi. Jamani! Anashika kijiti kama anakoroga uji. Mikono ikifika chini, akiirudisha juu moshi unakata. Nilimgombeza mpaka nikamwonea huruma.

Jumamosi ikafika, na bado hajaweza. Kabla wazee hawajaja nikamnyang'anya kijiti, nikapekecha mwenyewe mpaka kaa likatoka, nikalificha ndani ya samadi kavu. Mbele ya watu akajifanya anapekecha, akalichomeka kaa kwenye majani makavu, moto huo! Baba mkwe akaanza kubariki.

Jackson akasimama, akachukua dumu la maji, akauzima. Akawaambia kwamba moto ule ni wa mkono wa mke wake. Nilitamani ardhi inimeze.

Baba mkwe alimtazama sana. Kisha akamwuliza ni nani aliyemwambia mtu anapekecha peke yake. Kumbe wao huketi wawili! Mikono ya mmoja ikifika chini, mwenzake anapokea juu, kijiti hakisimami. Wilson, wa rika la Jackson, akaketi mbele yake, wakapokezana hadi moto ukawaka na ng'ombe wakaingia.

Lakini mimi hakuna aliyenisemesha. Wanawake wa hapa hawagusi vijiti vile. Jana kutwa baba mkwe amepita mlangoni pangu kimya. Sikufichi, dada, nimeshafunga nguo zangu. Barua hii nilianza kuiandika ili nikuombe unipokee.

Hapo nilikatisha, maana mama mkwe aliingia. Ameliona furushi, hakuuliza. Ameshika viganja vyangu vilivyojaa malengelenge, akavipaka samli, akasema kukamua ni kazi yake mpaka nipone. Halafu akaniambia baba mkwe ndiye aliyemtuma. Anauliza nitapona lini, anataka kuona nilivyouwasha moto peke yangu, kwa sababu yeye tangu azaliwe hajaona mtu akiweza hivyo.

Nimelia, dada. Usiniandalie kitanda.

Wasalimie wote, mwambie mama asiwe na wasiwasi.

Mdogo wako,
Domitila.