Bibi Waliyemtoa Kwenye Sifa za Ukoo

Jumapili. Baridi ya Songea imebana toka alfajiri, chai imepoa kikombeni na mimi bado nimenuna.

Nimechefukwa. Sitafuti neno la adabu.

Jana ukoo ulikutana kwa kumbukumbu ya babu. Kama ilivyo desturi yetu Wangoni, sifa za ukoo zilighaniwa: ule utenzi mrefu wa tulikotoka, mito tuliyovuka, vita tulivyopigana, nani alimzaa nani. Shangazi, dada yake marehemu baba, alikaa mbele kabisa na kanga yake mpya, akisubiri kipande kimoja tu. Ni kile kinachosema wazee wetu walivamia kijiji, wakarudi na ng'ombe, mbuzi na msichana aitwaye Nachilongo. Huyo ndiye bibi yake mzaa baba. Hana picha, na kaburi lake halijulikani. Yumo humo tu.

Kipande hakikusomwa.

Kaka yetu, mtoto wa baba mkubwa, aliyekuja na gari kutoka Dodoma, alikuwa amekitoa. Eti kinatia aibu mbele ya wakwe. "Dada, ukoo wa kifalme hauwezi kujitangaza kwamba uliteka watu. Tuwe wastaarabu," ananiambia huku anachokonoa nyama kwenye meno.

Wastaarabu! Nilisonya mpaka mke wake akageuka.

Mimi nafundisha historia. Tendi za kale nilizosoma, za mataifa ya mbali huko, zimejaa unyama: miji inachomwa, wanawake wanagawanywa pamoja na masufuria. Zinanitia kinyaa. Lakini waliozitunga hawakuficha, ndiyo maana leo tunajua kuta za miji hiyo zilijengwa na nani na unga wao ulisagwa na nani. Kinyaa cha jana kimezidi. Sisi wote tuliokula ubwabwa pale tumetoka tumboni mwa Nachilongo, hata huyo wa Dodoma, halafu tunamfuta ili tuonekane watu wa maana. Na vigelegele vikapigwa, jamani!

Leo baada ya misa nimempitia Shangazi kwake. Nikamwamkia, nikamwomba anighanie mwenyewe sifa zote, nizirekodi kwenye simu. Akafurahi, akakohoa, akaanza. Sauti bado anayo. Mito akaivuka, akafika pale kijijini: ng'ombe wakaja, mbuzi wakaja. Kisha akarukia vita vinavyofuata.

"Shangazi, mbona bibi umemruka?"

"Aah, mwanangu, si mmesema anatia aibu?"

Nimezima simu.

Maisha yake yote amejivunia yule bibi. Sisi, kwa mchana mmoja na sahani za ubwabwa, tumemfundisha kumwonea haya. Sasa nitamwambia nini hata arudie kumtaja?