Mchuzi wa Kindi Alioutaka Baba

Bonde la Harless,
West Virginia,
2 Desemba 1974.

Mpendwa Baba Mdogo Estil,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Detroit, goti limetulia na kiwanda bado kinakuhitaji. Mama Mdogo Norma hajambo? Na kile kikohozi chake? Sisi huku tunapumua, na katika nyumba hii hilo si jambo dogo.

Telegramu ilikwambia tu kwamba Baba amefariki. Najua theluji ilikufungia njia, wala hakuna anayekulaumu. Lakini yeye ni kaka yako, na bunduki ni yako, ile ndogo ya risasi namba ishirini na mbili uliyoiacha nyuma ya mlango. Ni haki yako kujua ilifanya nini.

Tangu majani yaanze kupukutika, yale mapafu yaliyojaa vumbi la makaa yalimkatalia hewa, kisha chakula. Alitaka kitu kimoja tu: mchuzi wa kindi. Jirani yetu Lafe akaleta wawili aliowapiga kwa bunduki ya marisawa, ile inayotawanya chembe za risasi. Baba akauma chembe ya risasi kwa jino lake lililosalia, akaitema kiganjani.

"Lafe, mimi nimetoka mgodini. Madini nimeshakula ya kutosha."

Basi ikabidi nijifunze mimi, niliyeweza kulenga zizi nikakosa hata mlango. Kindi hupigwa kichwani kwa risasi moja, la sivyo nyama imeharibika. Tukamtoa Baba barazani na blanketi lake. Nikalala kifudifudi, bunduki juu ya mfuko wa mchanga, nikalenga kifuniko cha kopo la kahawa kilichopigiliwa kwenye uzio.

"Unavuta kifyatulio kama unamng'oa ng'ombe jino! Kibonyeze polepole, mlio wenyewe ukushtue."

Halafu akasema, "Toa pumzi nusu, isimamishe hapo hapo, ndipo upige." Akataka kunionyesha. Alikohoa mpaka Mama akamrudisha ndani. Somo hilo hakulirudia.

Matundu yakaanza kusogeleana. Kila jioni alikitaka kifuniko kitandani, akakipapasa kwa kidole. "Leo umemtoboa sikio. Sikio halina mchuzi."

Siku niliyojiona niko tayari kwenda msituni, niliisafisha bunduki kwa heshima zote, mtutu ukang'aa kama kijiko cha harusi. Kindi akakaa tawini wazi kabisa. Nilifanya kila nilichofundishwa, na risasi ikapita kando. Kindi alinitazama kwanza, ndipo akaondoka.

"Umeisafisha," Baba akasema kabla sijavua viatu.

"Umejuaje?"

"Unanuka mafuta. Mwanangu, bunduki hiyo ikitoka kuoga haimjui mtu. Lipige gogo risasi chache kwanza, mtutu uchafuke kidogo, ndipo irudi kwenye njia yake." Akageukia ukutani. "Na ufanye haraka."

Usiku huo mvua ya barafu ilianza, na kindi hawatoki katika hali ile. Ilipokatika, Baba alikuwa hawezi tena kukaa. Nikalipiga gogo risasi za kutosha, nikapanda mlima. Safari hii kindi alianguka bila hata kutikisa mkia.

Mama alipika mbio. Baba hakuweza kumeza, akalowanishwa midomo kwa kijiko.

"Wapi?" akauliza.

"Kichwani, Baba."

"Upande gani?"

"Kushoto."

"Mimi ningempiga kulia," akasema, na nadhani alikuwa anacheka. Hakusema tena. Sufuria ilikuwa bado ya moto.

Mama hakutaka kuumwaga mchuzi. Tulikula sisi wawili na Lafe. Chumvi ilikuwa imezidi, na hakuna aliyeitaja.

Mama anakusalimu sana, Lafe pia, na Shangazi Icie anauliza kama Detroit wana kanisa. Mungu awafunike huko mliko, awape pumzi ndefu. Njia zikifunguka, njoo umwone kaka yako. Tumemlaza juu ya kilima, penye upepo. Bunduki nimeirudisha nyuma ya mlango. Sijaisafisha.

Ni mimi mwanao, nikupendaye daima,
Retha